Safari ya Kwenda Kutazama Tu

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili kumi na saba. Hapana, ngoja kidogo. Kumi na saba Suzana alikuwa bado anakaa kule Mwamkulu, na siku hiyo alikuja kwa miguu kutoka karibu na stesheni, mvua inamnyeshea, kandambili mkononi. Kwa hiyo alikuwa amekwisha hama. Basi iwe kumi na nane, msimu kumbikumbi wanaporuka, ndipo Mzee Damiano wa Majengo, hapa Mpanda, alipowaambia watoto wake kwamba familia yote itakwenda Roma.

Suzana, binti yake mkubwa, alikuwa anajifuta maji usoni na khanga ya mama yake. Akasimamisha mkono.

"Roma? Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa, mama. Tunakwenda kutazama."

"Kutazama nini?"

"Roma," akasema Damiano, akaendelea kutafuna kumbikumbi wake taratibu, kama mtu aliyekwisha jibu.

Usimlaumu Suzana. Watu wa huku kwetu wanasafiri sana, lakini safari ina sababu yake. Mtu anapanda treni kwenda Kaliua kwa sababu ya msiba. Anakwenda Sumbawanga kwa sababu ya harusi, Mbeya kwa sababu ya hospitali, Dodoma kwa sababu mtoto amepangiwa shule. Ukimwona mtu amefunga begi na huna habari ya sababu, unamwuliza kwa upole, maana huenda ni pole anayostahili. Safari ya kwenda kutazama tu, halafu mtu anarudi na macho yake yaleyale, hiyo Majengo ilikuwa haijawahi kufika.

Damiano aliipata wapi basi? Aliipata porini. Alikuwa mrina asali tangu kijana, akifuata baba yake kwenye misitu ya Inyonga, wiki kwa wiki, mizinga juu ya miti na nyayo za tembo chini. Na huko porini kulikuwa na kilima kimoja cha buluu. Kila msimu walikipita kwa mbali, upande wa kushoto, kimekaa peke yake kama ng'ombe aliyelala. Damiano alikuwa anamwuliza baba yake, "Nyuma ya kile kilima kuna nini?" Baba yake anamjibu, "Kuna mizinga yetu?" "Hakuna." "Basi hakuna kitu. Umekuja kurina, hukuja kutazama kilima." Wakapita. Miaka ikapita nao. Na sasa amezeeka, magoti yamekataa pori, mizinga imebaki michache kule mashambani, na ndani ya moyo wake kumekaa hamu moja tu ya kitoto: kufika mahali bila kuchukua kitu.

Kwa nini Roma na si kile kilima, hata mkewe Romana alimwuliza. Akasema kilima ni karibu mno, mtu anakiharibu akikifikia. Romana akatikisa kichwa, akarudi jikoni.

Ndivyo zilivyoanza Jumapili za safari. Baada ya misa, baada ya wali na maharage, watoto wanakusanyika uani kwa mzee. Suzana anakuja na wanawe. Innocent, kitinda mimba, dereva wa bodaboda, anaegesha pikipiki kivulini, anatoa simu yake yenye kioo kikubwa, anaipangusa kwenye fulana. Ile simu ilikuwa na ramani ambayo ukibonyeza barabara, inafunguka mbele yako kama umesimama hapohapo. Unasogea mbele, nyumba zinasogea. Unageuka, mji unageuka.

Mara ya kwanza kufika Roma, walikuta mzee mmoja amekaa kwenye kiti nje ya mgahawa, mguu juu ya mguu, uso wake umefunikwa ukungu.

"Huyu mbona wamemfuta sura?" akauliza Damiano.

"Ni utaratibu, Baba. Ili watu wasimjue."

"Na sisi tukienda tutafutwa?"

"Wote, Baba. Hakuna staa."

Damiano akamwinulia yule mzee mkono hata hivyo, akamsalimia. Si vizuri kumpita mtu mzima aliyekaa mlangoni.

Sasa, safari inapangwaje? Kila mtu anapanga kwa akili aliyokua nayo, na Damiano alikua na akili ya kambi ya asali. Kambi ya baba yake ilikuwa na sheria. Mahali mnapokwenda hamtaji jina lake mkishaanza kujiandaa, mnalisemea pembeni, kwa hiyo Roma ikawa "kule kwa Petro," na Istanbul, walipoipanga mwaka uliofuata, ikawa "kule kwenye mlango wa bahari." Mmoja anatangulia, anavunja majani kila njia panda ili wa nyuma wasipotee. Mmoja anafunga mkia, anahesabu vichwa. Mmoja anabeba chakula. Na mmoja, huyu ndiye mkubwa wao, anabaki nyumbani na moto. Moto ule haupaswi kuzimika mpaka wasafiri warudi. Baba yake alikuwa anasema moto wa nyumbani ndio unaoshika mguu wa msafiri. Ukizimika, mguu unasahau njia.

"Sawa Baba," Innocent alikuwa anasema, "mimi natangulia. Lakini kwa Petro nitavunja jani la nani? Mji mzima mawe. Nikigusa ua la mtu pale, narudi na pingu."

"Utaweka alama nyingine."

"Nichore ukuta?"

"Mchore ukuta wa kwa Petro nyie, mje mfukuzwe wote," Suzana akadakia, "na mimi nimebeba michembe begi zima, nitaila na nani?"

Maana chakula cha safari kilikuwa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na asali kwenye chupa. Ugomvi wa asali ulichukua Jumapili nyingi. Suzana alikuwa amesikia kwamba uwanja wa ndege wanakunyang'anya chochote kinachomiminika. Damiano hakuelewa mtu mzima anamnyang'anyaje mgeni asali badala ya kumpokea nayo.

Alipokuja Athanasie, mke wa Innocent, mzaliwa wa Mishamo, kwenye makazi ya wakimbizi, katika familia zilizotoka Burundi zamani, aliwakuta katikati ya Cairo. Alikaa kwenye kigoda siku ya kwanza, akasikiliza mpaka mwisho, mkono shavuni.

"Baba," akasema, "naomba kuuliza. Nyie mkifika huko, mnarudi?"

"Tunarudi, mkamwana. Ndiyo maana ya moto."

"Sisi kwetu tukiona watu wanahesabiana vichwa na kufunga chakula, tunajua kumeharibika. Bibi yangu alisafiri mara moja tu. Hakutazama kitu. Alikuwa anatazama mgongo wa aliye mbele yake."

Halafu Damiano akamwambia, kwa sauti ya chini, "Basi wewe utakaa katikati. Wa katikati hana kazi. Kazi yake kutazama." Athanasie akacheka, akaficha mdomo, na tangu siku hiyo hakukosa Jumapili hata moja.

Hakuna aliyewahi kusema kwamba hii ni kweli, wala hakuna aliyesema ni mchezo. Hakukuwa na pasipoti. Hakukuwa na tiketi. Lakini Innocent alikuwa anajua kona za Paris kuliko anavyojua za Kawajense, hapahapa Mpanda, na watoto wa Suzana walikuwa wanagombana shuleni kuhusu mto upi unapita mji upi. Jirani yao Mzee Eustace alikuwa akipita uchochoroni anachungulia juu ya ua na kupiga kelele, "Mmefika wapi leo?" Wanamjibu, "Tumekwama darajani, njoo utuvute!" Jioni inaingia, bando la simu linakatika, mji unasimama hapo ulipofika, nusu ya kanisa, nusu ya anga. Wanabaki wameshika vikombe vya chai, kila mmoja anamalizia mwenyewe kichwani ile nusu isiyoonekana. Nadhani hapo ndipo walipokuwa wanasafiri hasa.

Na Romana? Romana alikuwa jikoni. Jikoni kwao ni kibanda cha tofali nyuma ya nyumba, mafiga matatu, na kijidirisha kinachotazama uani. Katika kila safari, kwa Petro, mlango wa bahari, Paris, Cairo, ilipofika zamu ya kugawa kazi, Damiano alikuwa anamaliza hivi: "Na mama yenu atabaki na moto." Alikuwa anasema kwa heshima. Machoni pake hakuna cheo kikubwa kama hicho. Mama yake mzazi alishika cheo hicho mpaka akafa.

Basi ikafika Jumapili moja ya masika. Damiano akatangaza kwamba mwaka huu watakwenda tena Roma, maana upande wa kaskazini hawakuumaliza. Akagawa kazi. Akafika mwisho.

"Na mama yenu—"

"Mama yenu anakwenda," Romana akasema.

Alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, mwiko mkononi. Hakupandisha sauti. Romana hana sauti ya kupanda.

"Unakwenda wapi, Mama Suzana?"

"Safari. Na siyo kwa Petro. Nakwenda Venisi."

Watoto wakatazamana. Innocent ndiye aliyewahi kuitaja Venisi, siku moja, kwa kupita tu: mji uliojengwa ndani ya maji. Hakuna aliyejua kwamba jikoni kulikuwa na mtu ameishika.

"Nimezaliwa Mpimbwe," Romana akasema. "Mvua zikizidi, maji ya Rukwa yanakuja mpaka mlangoni. Tunakwenda shamba la mpunga kwa mtumbwi, kuku wanalala darini, na mtu akifa tunasubiri maji yashuke. Kila mwaka tunasema tutahama. Sasa nasikia kuna watu wamejenga nyumba za mawe humohumo majini, wakakaa, hawakuhama. Nataka nikaone wanaanika wapi nguo. Nataka nione kuku wao wanalala wapi. Wanazika wapi. Miaka yote nimewatunzia moto, mmetembea. Mwaka huu autunze mwingine. Na kama hakuna wa kuutunza, basi na safari isiwepo."

Akaingia ndani. Jumapili iliyofuata alimaliza kupika mapema, akachukua khanga yake ya WAWATA akaenda kwenye kikao cha akina mama Wakatoliki. Iliyofuata vilevile. Watoto walikuja, walikula, walisema habari za mahindi na habari za mvua, wakaondoka mchana kweupe. Simu haikutolewa mfukoni. Damiano alikaa uani peke yake na viti vitupu, na kwa mara ya kwanza tangu alipoacha pori aliona jinsi jioni ilivyo ndefu. Alielewa vizuri: asipompeleka mkewe, hakuna atakayekwenda popote tena. Na asipopata mtu wa moto, je, atawaachaje watu wake wakatembee juu ya maji na nyumbani giza?

Akaanza kumtafuta mtu wa moto. Akaanza na Eustace.

"Nikae jikoni kwako?" Eustace akasema. "Nitunze moto wa watu ambao hawajatoka hata getini?"

"Watatoka."

"Kwa nini basi nisiende na mimi? Nyie mnanipenda kwa kuni tu."

Akamwendea Athanasie. Athanasie akainamisha kichwa kwa adabu, lakini jibu lake lilikuwa gumu. "Baba, uliniambia mimi ni wa katikati. Usinitoe. Kwetu wamekaa na moto muda mrefu sana wakisubiri waambiwe ni wa wapi. Niruhusu nitazame."

Suzana yeye alikuwa na dawa tayari. "Baba, mtungi wa gesi upo. Tunauacha. Gesi haizimiki, imelala tu, ukirudi unaiamsha."

Damiano aliutafakari ule mtungi siku nzima. Alikaa mbele yake. Aliugonga kwa kidole, ukalia kama kitu kilicho mbali. Akaona kwamba moto uliofungwa ndani ya chuma haumtazamii mtu, na haujui nani katoka.

Jioni hiyo alikwenda jikoni, akainama mlangoni, maana kibanda ni kifupi.

"Mama Suzana. Nitabaki mimi."

Romana alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho. "Wewe hujui moto."

"Nimewasha moto porini miaka mingapi?"

"Kuwasha unajua. Wanaume wote mnajua kuwasha. Nasema kutunza." Kisha akasogeza ungo pembeni, akamwonyesha kigoda. "Kaa."

Akamfundisha. Gogo la mti wa mtundu linakwenda nyuma, vijiti mbele. Kaa likiiva unalifunika na majivu, siyo yote, unaliachia pua lipumue. "Usipulize kila saa. Ndiyo kosa lenu. Mnapuliza kwa sababu mnaogopa. Moto unauacha ukae, na wewe unakaa." Damiano alijaribu, moshi ukamwingia, akakohoa mpaka machozi, Romana akacheka kicheko ambacho hakikuwa kimesikika nyumba ile tangu masika yaanze. "Huyu ndiye tunayemwachia mji!" akasema. Lakini alimwekea majivu vizuri, mkono wake juu ya mkono wa mumewe.

Ikafika Jumapili ya Venisi. Mvua ilikuwa inanyesha, ndogo, isiyo na haraka, kwa hiyo walikaa sebuleni. Romana alivaa kitenge chake cha Pasaka na viatu vya kufunga. Eustace naye alikuja, na koti. Innocent alikuwa ameweka bando la kutosha, akatangulia. Suzana alibeba michembe kwenye bakuli. Athanasie akakaa katikati. Halafu wakakumbuka, kwa pamoja, kwamba hakuna wa kufunga mkia. Mfunga mkia wao wa siku zote, Damiano, alikuwa jikoni.

"Twendeni hivyohivyo," Romana akasema. "Nitahesabu mimi."

Damiano alisikia mlango unafungwa. Akabaki na mafiga yake.

Mwanzoni alikuwa anasikia maneno. "Innocent, taratibu, mama hajashuka kwenye boti." "Aa, tazama, kamba! Wanaanika juu, dirisha kwa dirisha!" Hiyo ilikuwa sauti ya Romana, changa, kama ya msichana anayeita wenzake ng'ambo ya mpunga. Kicheko. Eustace akilalamika kwamba hapa hakuna hata mahali pa kugeuzia baiskeli. Kisha, "Kuku je? Sioni kuku." Kisha sauti zikapungua, mvua ikakaa juu ya bati, na Damiano hakuweza kujua tena ipi ni mvua na ipi ni watu.

Alitamani kupuliza. Hakupuliza. Aliliacha kaa lipumue.

Na katika ule moshi mwembamba aliwaona. Aliwaona wamepanga mstari mmoja juu ya daraja la mawe, maji ya kijani chini yao, viatu vya Romana vinagonga mawe. Innocent anageuka kila kona akitafuta jani la kuvunja, hakuna. Athanasie anatazama huku na huku, hatazami mgongo wa mtu. Waliingia uchochoro, wakatoka, wakaingia mwingine mwembamba zaidi, na kila walipoingia yeye alinyosha shingo pale kigodani. Walikuwa wadogo sana. Hawakuwa na mtu nyuma. Akaanza kuwahesabu kwa midomo tu, akafika mwisho, akaanza upya, na kila mara aliwapata wote, na bado hakuamini. Hajawahi kuogopa hivyo porini. Akafikiri juu ya mama yake, aliyekaa hivi msimu baada ya msimu, na hakuna siku waliporudi akasema kitu zaidi ya "Karibuni, maji ya kuoga yapo."

Mlango ulipofunguliwa, mvua ilikuwa imekatika. Damiano alikuwa na majivu kwenye nyusi. Kaa lilikuwa jekundu.

Waliingia jikoni wote, wakajaa, mpaka Eustace akabaki nje amechungulia. Walikuwa wanaongea kwa pamoja. Kwamba watu wa kule wana kisiwa kizima cha kuzikia, wafu wanavushwa kwa boti. Kwamba kuna mnara wa kengele katikati ya uwanja, mrefu, na Mama amekataa kurudi mpaka amefika juu, na juu kule mtu anaona mapaa mekundu yote, na bahari, na milima mbali.

"Ya buluu?" Damiano akauliza.

"Ya buluu," akasema Suzana.

Romana aliwapita wote. Alikaa karibu na moto, akavua viatu, akanyosha miguu kama aliyetembea kweli. Alilitazama lile kaa, namna lilivyofunikwa, akaitikia kwa kichwa mara moja. Kisha akateleka maji ya chai.

Damiano akawapisha nafasi. Akawatazama wote, waliokwenda na kurudi, akawauliza jambo moja. Innocent akajishughulisha na simu, Romana akainama kuchochea kuni. Wamekwenda miji mingine tangu siku ile, na yeye ndiye anayebaki, kwa hiari yake sasa, na kila wakirudi anawauliza vilevile, wala hajawahi kujibiwa:

"Mlipofika kule juu kabisa, nyie, kuna aliyegeuka akatazama upande wa huku?"